Mlevi Aulizwe Utoto Wake

Chifu akivamia pango la chang'aa Kimulot, Kaunti ya Bomet, mitungi humwagwa na walevi hutozwa faini. Wiki inayofuata wamerudi. Kuwaadhibu hakujasaidia, kwani wengi walichapwa tangu wadogo, wengine wakilala kwenye shamba la chai baba akirudi amelewa. Utafiti wa Felitti na Anda, Marekani, 1998, ulionyesha kuwa aliyepitia aina 4 au zaidi za mateso utotoni ana hatari mara 4 hadi 12 ya kunaswa na ulevi, dawa za kulevya au huzuni kuu, akilinganishwa na ambaye hakupitia yoyote. Maradhi ya moyo, mapafu na ini nayo humwandama ukubwani. Kwa hivyo Kaunti ya Bomet iajiri washauri nasaha katika zahanati zake, kabla ya kununua gari jingine la msako.