Ukarani wa Mbali ni Amana

Ndugu zetu Waislamu, twaona siku hizi vijana wetu, wake kwa waume, wakifanya ukarani wa mbali. Huketi nyumbani Mombasa au Unguja, na kwa njia ya intaneti humjibia tajiri barua zake, humpangia miadi na kumwandikia hesabu. Ni chumo la halali, maadamu biashara anayoitumikia ni ya halali.

Lakini tajiri hamwoni karani wake, naye amemkabidhi maneno yake ya siri. Basi bidhaa ya kwanza ya karani huyu si wepesi wa vidole, bali ni uaminifu. Bibi Khadija (r.a.) alimpa Mtume wetu (s.a.w.), kabla hajapewa utume, mali aende nayo Sham, kwa kuwa alisikia sifa za uaminifu wake.

Anayetaka kuanza na achague kazi moja au mbili anazoziweza barabara. Awatumikie kwanza wafanya biashara wanaomjua, kisha awaombe wamshuhudie kwa wengine. Hata tajiri wa Dubai, ambaye saa yake imetangulia yetu kwa saa moja tu, hutaka ushahidi huo.

Na mapatano yaandikwe: kazi gani, ujira gani, utalipwa lini, kwani Suratul Baqara, aya ya 282, yatuamrisha kuandika deni. Wala karani asihesabu saa asizozifanya. Tajiri huenda asijue, lakini Mola ajua.

Wabillahi tawfiq.