Mvua ya Ugenini na Ukimya Tunaoukimbia



Juma hili tumepokea barua ya binti mmoja wa parokia yetu anayesomea uuguzi katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Anatuarifu kwamba mvua imenyesha siku ya tisa mfululizo, nguo hazikauki, umeme hukatika jioni, na kwamba tangu mvua ianze ameshindwa kumaliza hata fungu moja la Rozari. Umeme ukikatika, anasema, kimya chake humtisha, naye hukimbilia simu mpaka betri iishe.

Mvua hiyo tunaijua, kwa kuwa tuliishi huko miaka miwili ya masomo. Hufika yapata tarehe 1 Juni, na hadi Septemba huwa imeleta zaidi ya nusu ya maji yote ya mwaka. Tena si mgeni kwetu kabisa. Upepo unaoileta ni wa ukoo mmoja na kusi yetu: huvuka ikweta karibu na pwani ya Afrika Mashariki, kisha hupinda kuelekea India. Mabaharia wa majahazi waliujua vema. Sisi tuliugundua tukiwa watu wazima, na ugunduzi huo ulitufariji kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia mwaka ule.

Mwaka wa kwanza tulifanya kama afanyavyo binti yetu. Tulipiga simu nyumbani, tulibisha hodi vyumbani mwa wenzetu, na walipotuchoka tulijifungia na vitabu vya teolojia. Hata teolojia yaweza kuwa kelele. Wenyeji walikuwa wameupa msimu ule nafasi yake. Mashua za injini zinazokokota nyavu huzuiwa kwenda baharini siku 52, tangu tarehe 9 Juni hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaliane. Katika mwezi wao wa Karkidakam, kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, majirani zetu Wahindu huwasha taa na kusoma Ramayana majumbani mwao. Sisi tulipita barabarani na miavuli yetu, Breviari ikiwa kabatini, tukaona haya.

Katika mafungo mengi husemwa kwamba ukimya ni pumziko. Hatukubaliani na usemi huo, walau kwa mtu aliye mbali na kwao. Ukimya wa ugenini hauanzi na amani. Huanza kwa kukuletea yale uliyoyaacha bila kuyamaliza. Kwetu ilikuwa baba yetu mzazi, aliyekuwa mgonjwa, ambaye tuliondoka tumetamkiana maneno makali naye juu ya shamba. Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika, simu ikazimika, tukaketi barazani tukisikiliza maji yakiporomoka juu ya migomba. Tulidhani tutasali. Aliyekuja ni baba. Tulilia kama mtoto, na asubuhi tukaandika barua ya kumwomba msamaha, kwa kuwa katika simu tusingethubutu. Dada yetu alimsomea kando ya kitanda. Alifariki kabla hatujarudi.

Twajiuliza ingekuwaje kama umeme usingekatika usiku ule.

Waamini hupenda sana kisa cha Eliya pale Horebu na ile sauti ya upole baada ya upepo, tetemeko na moto. Husahau kwamba Eliya alikuwa mkimbizi mbali na kwake, aliyekwisha kuomba afe, na kwamba ile sauti ilimuuliza anafanya nini mahali pale, kisha ikamrudisha njiani akiwa na kazi ya kutenda. Hakuachwa akae pangoni afurahie utulivu.

Wala hatutaki kuisifu mvua kupita kiasi. Mafuriko ya Agosti 2018 huko Kerala yaliua watu zaidi ya 400, na wavuvi walipakia mashua zao kwenye malori wakaenda kuwaokoa watu wa bara. Mwenye nyumba iliyoingia maji hana nafasi ya tafakari, huko wala hapa kwetu bondeni. Kwa hiyo tumemwandikia binti kwanza awajulie hali wenzake wa bweni, aone kama wamekula na kama mahali pao pa kulala ni pakavu. Kisha aizime simu nusu saa kabla haijajizima yenyewe, aketi, asijilazimishe maneno. Likija jina la mtu, na aanzie hapo. Rozari itafuata.

Tuna neno pia kwa wazazi wenye watoto ng'ambo. Sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu katika kelele hii. Tunapiga simu asubuhi, mchana na usiku, tunatuma picha za kila arusi, na mtoto asipojibu kwa saa moja tunahoji kama amebadilika. Huo ni upendo, lakini twahofu kwamba mara nyingine ni hofu yetu wenyewe tunayomtwika. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu, huko ni saa tatu usiku. Kwa mwezi huu wa Julai tunamwomba mama wa binti huyu, ambaye ametupa ruhusa ya kuandika haya, asimpigie saa hiyo. Amekubali, ingawa kwa shingo upande.