Dozi Haigawanywi, Hata kwa Mapenzi

Mwezi huu tuzungumze jambo linalotuhusu wengi, ila kulitaja mbele za watu tunaona haya. Na nitaanza na mimi mwenyewe, usije ukasema dada huyu kazi yake ni kusema wenzake tu.

Miaka kadhaa nyuma, ndoa yangu ikiwa na mwaka mmoja tu, nilianza kupata muwasho na kutokwa na majimaji yenye harufu mbaya ukeni. Kama kawaida yetu, nikajiambia ni fangasi. Nikanunua dawa ya kupaka, wapi! Shoga yangu wa ofisini ndiye aliyenisukuma hospitali. Nikapimwa, majibu yakatoka: trikomonasi, ugonjwa wa zinaa.

Daktari akaniandikia metronidazo, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl. Vidonge 14: kimoja asubuhi, kimoja usiku, kwa siku 7. Akasema na mwenzangu aje atibiwe. Nikaitikia "sawa dokta", lakini moyoni nilijua sithubutu. Nitamwambia nini? Ataniuliza nimeutoa wapi. Na nisikufiche, mimi pia nilikuwa najiuliza hivyo hivyo kuhusu yeye.

Basi nikamdanganya mume wangu kuwa nina amiba. Baada ya siku 4 muwasho ukaisha. Nikaacha dawa, maana Jumamosi tulikuwa na harusi na mimi nilishaipania glasi yangu ya mvinyo. Vidonge 6 vikabaki kwenye droo. Wiki haijapita, mwenzangu akaamka anaumwa jino. Mke mwema nikamtolea vile vidonge: "Meza hivi, vinasaidia jino."

Mwezi haukuisha, ugonjwa ukarudi pale pale. Na jino lake? Lilitulia siku mbili, halafu likavimba zaidi.

Safari hii dokta hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mumeo alitibiwa?"

Flagyl inatibu nini?

Ni antibayotiki inayoua aina fulani za bakteria, hasa wale wanaoishi pasipo hewa ya oksijeni, na pia vijidudu kama amiba, giadia na trikomonasi. Ndiyo maana mmoja anaandikiwa kwa ajili ya tumbo, mwingine fizi, mwingine ukeni. Ila dozi na idadi ya siku hazifanani, kwa hiyo dozi ya shoga yako si yako. Haitibu mafua, malaria wala fangasi. Tena kuitumia kunaweza kumletea mwanamke fangasi ambao hakuwa nao!

Ukiimeza utegemee nini?

Mimi nilisikia ladha ya chuma mdomoni, chakula chote kikawa kama nimelamba sarafu. Wengine hupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula au kuharisha. Kuimeza pamoja na chakula kunapunguza usumbufu huo. Mkojo nao unaweza kuwa mweusi kama chai ya rangi. Usishtuke, ni dawa tu.

Lakini ukiona ganzi au kuchomwachomwa mikononi na miguuni, kizunguzungu kikali, kuchanganyikiwa au degedege, acha dawa na urudi kwa daktari haraka. Vivyo hivyo ukitokwa na vipele, ukivimba uso au ukishindwa kupumua vizuri. Hapo usisubiri kesho.

Na pombe je?

Najua wapenda wikiendi mlikuwa mnasubiri hapa. Maelezo yanayokuja na dawa hii yanakataza pombe wakati wote wa dozi na siku 2 hadi 3 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hofu ya kutapika, uso kuwaka moto na moyo kwenda mbio. Miaka ya karibuni wapo wataalamu wanaosema ushahidi wa hatari hiyo ni mdogo, lakini onyo bado lipo. Bia itakusubiri, haiozi. Ila usifanye kama mimi, kukatisha dozi ili uwahi glasi! Hilo ndilo kosa kubwa zaidi.

Kabla hujameza

Mwambie daktari au mfamasia kama una mimba, unanyonyesha, una tatizo la ini, au unatumia dawa nyingine, hasa warfarini ya kuzuia damu kuganda au lithiamu. Ukisahau kidonge, meza ukikumbuka. Lakini kama muda wa kinachofuata umekaribia, achana nacho. Usimeze viwili kufidia. Na vidonge vilivyobaki usimpe mtu. Dozi nusu nusu huwaacha wadudu sugu hai, siku utakayoihitaji dawa kweli ikagoma.

Turudi nyumbani kwangu

Dokta alinieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Trikomonasi inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata zaidi, bila dalili yoyote, hasa kwa wanaume. Kwa hiyo kipimo kinakwambia unao, lakini hakikwambii uliupata lini wala kwa nani. Huenda mmoja wetu alikuja nao kabla hata hatujajuana. Na kuunyamazia si salama: humwongezea mtu hatari ya kupata VVU, na kwa mjamzito huhusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Usiku ule nikamwambia ukweli wote, amiba ya uongo ikiwemo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu, "Niliogopa utaondoka." Akasema, "Na mimi ningekuuliza wewe ulikuwa wapi. Tungegombana bure." Kesho yake tulikwenda wote. Kila mmoja akapewa dozi yake, tukaambiwa tusikutane kimwili mpaka wote tumalize na dalili ziishe. Mimi nikatakiwa nirudi kupimwa baada ya miezi 3. Nilirudi, nikawa salama. Jino lake lilikwenda kung'olewa.

Ulitoka kwake au kwangu? Hatukujua, na tuliamua kutoligeuza kesi.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukiandikiwa dawa ya namna hii, maliza dozi yako, na mwambie mwenzako naye akapate yake. Ukimeza peke yako kwa siri, unatibiwa leo unaambukizwa upya kesho, na shaka inabaki palepale kitandani katikati yenu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.