Udongo Nao Unachoka

Katika inchi ya Uswisi, wakati wa baridi, watu wengi wanapasha nyumba kwa mashini inayovuta joto ndani ya udongo. Pale Elgg, mwaka 1986, waliingiza bomba mita 105 chini. Wakapima: miaka ya kwanza udongo karibu na bomba ulipoa digri 1 ao 2, kisha baridi haikuzidi tena. Sababu gani? Walivuta kwa kiasi, na joto la pembeni likarudi polepole. Lakini majirani wengi wakitoboa karibu-karibu, baridi itaongezeka. Kwa hiyo mimi nasema: anayefikiri udongo hauna mwisho anajidanganya. Muulize mwenye shamba la mihogo lisilopumzishwa! Tuvute, ndiyo, lakini tupime kwanza.