Ndege tano za Jumuiya: mali bila daftari hupotea bila habari

Kule Dunsfold, kusini mwa Uingereza, kuna ndege kubwa ya rangi ya kijivu iliyoandikwa ZA150 ubavuni. Ukiiona bila kuuliza utasema ni mali ya jeshi la anga la Mwingereza, na hutakuwa umekosea sana. Lakini ndege hiyo ilipotoka kiwandani nambari yake ilikuwa 5H-MOG. Herufi 5H ni za Tanzania, na mwenyewe alikuwa East African Airways, shirika tulilokuwa nalo pamoja Wakenya, Watanzania na Waganda. Ndiyo Super VC10 ya mwisho kuundwa duniani, na ilikabidhiwa kwetu mwaka 1970.

Nimekuwa nikifuatilia habari za ndege hizi kwa sababu ya swali ambalo wazee waliofanya kazi katika lile shirika huulizana barazani: zile ndege zetu zilikwenda wapi? Jibu lipo, tena lipo kwa urefu na upana. Kinachouma ni kwamba liko kwenye madaftari ya Ulaya, si kwetu.

Tuanze na ndege yenyewe. VC10 iliundwa na kampuni ya Vickers mjini Weybridge. Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962, na zikaundwa 54 tu, basi. Ilibuniwa kwa ajili ya viwanja kama cha Nairobi, ambako joto ni jingi, mahali ni juu na hewa ni nyepesi, hivyo ndege nzito hupata taabu kunyanyuka. Injini zake nne za Rolls-Royce Conway ziliwekwa mkiani, na bawa likabaki tupu ili lifanye kazi moja tu ya kuinua. Ilinyanyuka upesi na abiria waliipenda kwa utulivu wake. Kibiashara ilishindwa na Boeing 707, lakini kwa safari za Afrika ilikuwa imekatiwa kipimo chetu.

East African Airways ilichukua tano kati ya 1966 na 1970. Kiwandani zilipewa nambari 881 hadi 885, zikifuatana kama watoto wa mama mmoja. Usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu: 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, na 5Y-ADA Kenya. Shirika hili lilianza mwaka 1946 na vindege sita vidogo vya de Havilland. Sisi wa Pwani tulilijua zaidi kwa Dakota zake zilizounganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Lakini VC10 nazo zilipeleka jina la Afrika Mashariki hadi London.

Moja haikurudi. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kuelekea Rome na London. Ikiwa mbioni kwenye njia ya kurukia, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma na tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha ndege, breki hazikutosha, ikapita ukingo na kuporomoka. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki.

Nne zilizobaki zilifanya kazi hadi Jumuiya ilipokufa mwaka 1977. Zilirudishwa Uingereza na kuegeshwa Filton, karibu na Bristol. Jeshi la anga la Mwingereza likazinunua, likang'oa viti, likaweka matangi ndani na kuzigeuza ndege za kuzijazia nyingine mafuta zikiwa angani. Hapo majina yakabadilika. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Kwa namna hiyo ndege zilizokuwa zikibeba wanafunzi na wafanyabiashara wetu zikaishia kuhudumia ndege za vita.

Zilistaafu mwaka 2013. ZA149, ile ya Uganda, ilipelekwa Bruntingthorpe ikakatwa. ZA148, ile yenye usajili wa Kenya, ilitua Newquay mwezi wa Agosti ikahifadhiwe kwenye makumbusho ya hapo. Miaka michache baadaye makumbusho yenyewe yakafunga milango, na ndege ya ukubwa ule haihamishwi kwa mkokoteni. ZA150 ilitua Dunsfold tarehe 24 Septemba, ikawa chini ya uangalizi wa makumbusho ya Brooklands. Siku ya pili yake ZA147 ikatua Bruntingthorpe, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Ndege iliyofunga ukurasa huo ilikuwa 5H-MMT, ya kwetu.

Sasa msomaji atauliza, mtu anajuaje yote haya ilhali ndege zimebadilishwa jina, zimepakwa rangi mpya na nyingine zimekatwakatwa? Siri iko kwenye karatasi. Nambari ya mkiani hubadilika, lakini nambari ya kiwandani haibadiliki hadi chuma kiyeyushwe. Juu ya hayo, kila kipuri cha maana, iwe injini, pampu au mguu wa gurudumu, kina kibati chake chenye nambari na kadi yake inayosema kilifungwa lini, kwenye ndege gani, na kilitolewa kwa nini. Mwaka 1981 jeshi hilo lilinunua Super VC10 nyingine 14 kutoka British Airways, na nyingi zilichinjwa ili kupata vipuri. Kwa hiyo haishangazi ikiwa ndege iliyoanza maisha Nairobi ilimaliza ikiwa na viungo vya ndugu zake. Anayetafuta vipande leo hafuati rangi, anafuata kadi.

Na wenzetu hawavionei haya vipande. VC10 yenye nambari G-ARVM ilipovunjwa huko Cosford mwaka 2006, sehemu ya mbele ya mwili wake ilipelekwa Brooklands, iko hadi leo na watu huingia kuitazama. Wengine hununua mlango, kiti, saa za mbele ya rubani, hata bati la ubavuni lililokatwa vipande vidogo vya kuning'iniza funguo. Hapo hapo Brooklands kuna VC10 nyingine nzima iliyokuwa ya Sultan Qaboos wa Oman. Alipomaliza kuitumia hakuiuza kwa wakata vyuma. Aliitoa kwa makumbusho mwaka 1987, ikiwa na mapambo yake ndani. Ndugu zetu wa Muscat wanaweza kwenda kuiona na kusema hii ilikuwa yetu, na jina limeandikwa.

Na kwetu kumebaki nini? Upande wa reli tumefanya afadhali. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971 na yamehifadhi garimoshi 5918, moja ya yale makubwa yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka bandari ya Mombasa kupanda bara. Jina lake ni Mount Gelai, mlima wa Tanzania. Garimoshi la milima ya Tanzania limelala Nairobi na hakuna aliyegombana, kwa sababu lilipata pa kulala kabla ya ugomvi kuanza. Ndege hazikubahatika hivyo.

Katika vyuma vingine hali ni ile ile ya kutojali. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu 2015 inayomtaka mfanyabiashara aandike alichonunua na kwa nani. Lakini Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukaa gizani, serikali iliona hakuna njia ila kupiga marufuku biashara yote kwa miezi kadhaa. Ukipita hapa mjini palipo na mizani ya vyuma utaona kengele ya meli, pampu ya maji na mfuniko wa shimo la barabarani vyote vikipimwa kwa kilo. Kikishapimwa kwa kilo, hakina tena jina wala asili. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo wakiwa watu wa bahari na biashara, wanajua wanalosema.

Kwa maoni yangu, East African Airways yenyewe iliuliwa na daftari kabla ya siasa kuimaliza. Nchi tatu zililaumiana kuhusu nani anadaiwa na nani hajapeleka fedha makao makuu Nairobi, na kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Ilichukua hadi Mei 1984 kutia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, Kenya ikibeba asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Na hata baada ya sahihi, wazee waliofanyia kazi Jumuiya waliendelea kwa miaka mingi kuzunguka mahakama za Tanzania wakidai malipo yao. Kadi ya pampu ya ndege ilihifadhiwa vizuri kuliko faili ya mtu aliyeitengeneza pampu hiyo.

Leo Jumuiya imefufuka na wanachama wameongezeka, lakini angani bado kila mtu na lwake. Agosti 2020 Tanzania ilizuia Kenya Airways kwa sababu ya orodha ya Korona. Januari 2024 ikatangaza tena kusimamisha safari zake za Nairobi na Dar, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Walipatana upesi, alhamdulillahi, lakini anayeumia kila mara ni abiria na mwenye mzigo. Mtu wa Mombasa anayetaka kwenda Unguja, ambako wazee wake walifika kwa Dakota ya shirika moja, leo anahesabu mipaka na nauli.

Sisemi tuirudishe VC10. Ilikunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani, na wakati wake umepita. Ninalosema ni mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, makumbusho yetu ya taifa, ambayo yanasimamia Fort Jesus hapa Mombasa, yaombe rasmi kipande kimoja cha ndege zile, hata kama ni mlango tu au bati la mkia, kiletwe na karatasi zake. Pili, wazee waliokuwa marubani, mafundi na wahudumu waandikwe majina na kumbukumbu zao zirekodiwe wakiwa hai. Kofia, ratiba, kijiko chenye nembo ya shirika na picha ya kazini vyote ni kumbukumbu, visitupwe pamoja na makochi mzee akifariki. Tatu, kabla mawaziri hawajatuambia habari za anga moja ya Afrika Mashariki, watuoneshe daftari: nani anaweka nini, nani anadai nini, na mfanyakazi atalipwa na nani siku wakigombana.

Lililo nyumbani kwako unaweza kulianza leo. Kama baba au babu yako alifanya kazi East African Airways, fungua sanduku lake, andika jina lake nyuma ya kila picha na mwaka kama unaujua, kisha mwulize jirani naye afanye vivyo hivyo.