Jina la Kigiriki si kibali

Waliopita shule ya teolojia wanalijua neno dunamis. Ni "nguvu" ile ya Matendo 1:8. Mwaka 2019, huko Kampala, neno hilo liliingizwa katika jina la kampuni: Dunamiscoins. Ilikusanya feza kwa ahadi ya faida kubwa kwa muda mfupi, ikisema inafanya kazi na sarafu za kripto, yaani feza zinazoishi ndani ya kompyuta tu, bila noti. Mwezi wa 12 mwaka huo ofisi zikafungwa, na maelfu ya watu wakapoteza akiba yao. Mwanzoni mwa 2020 wakurugenzi wawili wakafikishwa mahakamani.

Tusiseme serikali ya Uganda ilinyamaza. Mwezi wa 2 mwaka 2017 Banki Kuu yake ilionya watu juu ya OneCoin, na mwezi wa 10 mwaka 2019 wizara ya feza ikaonya tena, miezi miwili tu mbele ya anguko lile. Onyo lilifika magazetini. Sauti ya jirani, ya shemeji, hata ya mtumishi wa Mungu, ndiyo iliyofika nyumbani.

Kwetu, Kongo iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya GAFI mwezi wa 10 mwaka 2022, na tarehe 27 mwezi wa 12 tukapata sheria 22/068. Inapiganisha feza chafu na ufadhili wa ugaidi. Haikuandikwa kwa kumrudishia mama wa soko dola zake. Kenya imefika mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2025 inadai kibali kwa kampuni za sarafu hizi. Vizuri. Lakini mwamini wa hapa Kisangani hasomi gazeti rasmi la serikali. Anasikiliza matangazo ya ibada.

Na wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya 1991. Hapakuwa na kompyuta, feza zikapotea vilevile, kwa sababu wa kwanza walilipwa kwa feza za waliofuata. Likelemba si hivyo: unajua uso wa kila mmoja, na hakuna anayeahidiwa kupita kile kilichotolewa.

Kwa hiyo, wachungaji wenzangu, mbele ya kumpa mtu mikrofoni tumuulize: kibali cha Banki Kuu ya Kongo kiko wapi, kina jina gani, faida inatoka wapi? Banki Kuu ina ofisi hapa mjini, tuende kuhakikisha. Na mchungaji anayepokea asilimia kwa kila mwamini anayemwingiza ni mchuuzi wa kampuni ile. Asishangae parke ikimwita.

Aliyekwisha kutoa feza atunze ujumbe wote na namba za simu alizotumia kulipa, kisha aende polisi ao parke juma hilohilo. Wengi hungoja kwa sababu wanaambiwa mtambo unatengenezwa. Wengine wanafuatwa na mtu anayeomba malipo kidogo ili "awarudishie" feza zao. Huyo naye apelekwe parke.