Kiti cha Pili: Rai Juu ya Ununuzi wa Ndege Nyepesi Iliyokwisha Kutumika

Ndege nyepesi ni tunda la tamaa ya siku nyingi ya binadamu ya kuruka kwa gharama ndogo. Mwaka 1975 Mmarekani John Moody alifunga injini ndogo kwenye bawa la kitambaa, la aina ile ambayo mtu hujining'iniza chini yake na kuteleza hewani kutoka mlimani, naye akaruka pasipo kuhitaji mlima. Tangu hapo chombo hicho kimekua. Kimepata magurudumu, ala za kupimia mwendo na kimo, na hatimaye kiti cha pili. Leo ndege za namna hii, zenye mifupa ya mabomba ya alumini, ngozi ya kitambaa cha poliesta na injini ya nguvu-farasi 50 hadi 100, hutumika kuwafundishia marubani wapya, kukagua mashamba na, katika baadhi ya mbuga za Afrika, kuwalinda wanyama dhidi ya majangili.

Kwa kuwa ndege mpya ni ghali, walio wengi hununua iliyokwisha kutumika. Mnunuzi aghalabu huuliza maswali mawili: bei yake ni kiasi gani, na imeruka saa ngapi. Muuzaji naye hujibu kwa fahari kwamba imeruka saa chache tu, imekaa miaka mingi bila kazi, kwa hiyo ni kama mpya. Rai yangu ni kwamba jibu hilo lisimtulize mnunuzi, bali limshtue. Aidha, ndege yenye viti viwili haina budi kukaguliwa kwa ajili ya yule atakayekaa katika kiti cha pili, wala si kwa ajili ya mwenye mali peke yake.

Mataifa yenye uzoefu mrefu wa vyombo hivi yamekwisha kuliona jambo hili. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1982 iliruhusu ndege ya kiti kimoja, yenye uzito mtupu usiofikia pauni 254, yaani kilo 115 hivi, irushwe bila hati ya ubora wa chombo wala leseni ya rubani. Zile za viti viwili ziliruhusiwa kwa msamaha maalumu, kwa ajili ya mafunzo tu, na msamaha huo ukakoma tarehe 31 Januari 2008. Uingereza nayo iliziondolea ndege nyepesi za kiti kimoja sharti la ukaguzi wa ubora, kwanza zile ndogo kabisa mwaka 2007, kisha zote mwaka 2014. Lakini za viti viwili zikabaki chini ya kibali kinachofanywa upya kila mwaka. Msingi wa sheria hizo ni mwepesi kuuelewa. Mtu mzima anaweza kuamua kuihatarisha roho yake mwenyewe kwa kujua. Hana haki ya kuihatarisha roho ya mwenzake asiyejua.

Sasa tuitazame ndege yenyewe, na tuanze na ngozi yake. Kitambaa cha poliesta hakichoshwi na kuruka kama kinavyochoshwa na jua. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, hukata kidogo kidogo minyororo ya molekuli inayozipa nyuzi nguvu yake. Ndege ikiegeshwa nje miaka mitatu bila kuruka, saa yake haisogei hata dakika moja, ilhali kitambaa kinaendelea kuliwa. Katika nchi zetu za Ikweta, ambako jua hupita utosini, kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi. Tena rangi haitoi ushahidi wa kutegemewa, kwani kitambaa chaweza kung'aa kikiwa kimekwisha kudhoofika.

Njia ya kujua ni kupima. Wakaguzi wa Uingereza hutumia kifaa kidogo kiitwacho Bettsometer, ambacho ni mizani ya springi yenye sindano nyembamba. Sindano huchomwa katika kitambaa na kuvutwa mpaka mizani ionyeshe gramu 1360, kwa urefu wa kitambaa na kwa upana wake. Kitambaa kizima hubaki na tundu la sindano tu, kilichokwisha hupasuka. Nyuzi za mshono nazo hupimwa, maana mshono waweza kufa kabla ya kitambaa. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Muuzaji anayekikataa amekwisha kumpa mnunuzi jibu.

Chini ya ngozi kuna mifupa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika ndege hizi methali hiyo ni kweli kama ilivyotamkwa. Mahali ambapo bolti ya chuma imepita katika bomba la alumini, unyevu ukiingia, metali hizo mbili huanza kulana. Na penye hewa ya chumvi ya pwani hulana upesi zaidi. Unga mweupe kandokando ya tundu la bolti ndiyo alama yake. Mkaguzi afungue zipu na vifuniko, atie taa ndani, apapase kwa vidole. Bomba lililopinda au kubonyea lisinyooshwe, libadilishwe. Tundu la bolti lililopanuka na kuwa la mviringo wa yai ni dalili ya kutua kwa kishindo au ya bolti iliyolegea muda mrefu. Waya za kuvutia na kushikilia mabawa zifutwe kwa kitambaa cha pamba kutoka mwanzo hadi mwisho: uzi mmoja wa waya uliokatika utakishika kitambaa hicho, na waya wa namna hiyo haufai tena.

Kisha injini. Nyingi za ndege hizi za zamani zina injini za mapigo mawili za kampuni ya Rotax ya Austria, kama vile 503 inayopozwa kwa hewa na 582 inayopozwa kwa maji. Mtengenezaji ameagiza zifanyiwe ukarabati mkubwa kila baada ya saa 300 au miaka 5, lolote litakalotangulia. Msomaji aangalie vema maneno hayo ya mwisho. Injini iliyoruka saa 90 katika miaka 15 imepitwa na wakati wake mara tatu. Katika injini ya mapigo mawili mafuta ya kulainishia huja pamoja na petroli; ikikaa bila kuwashwa, beringi za kranki hubaki bila mafuta mapya, kutu huzianza, na sili za mpira hukauka na kupasuka. Injini kubwa zaidi ya mapigo manne, Rotax 912, hudumu saa nyingi mno kuliko hizo, lakini hata kwayo mipira ya kupitishia petroli, maji na mafuta huagizwa ibadilishwe kila miaka 5. Kwa hiyo, ndege iliyorushwa kila juma na kuandikwa vizuri daftarini yaweza kuwa salama kuliko ile iliyolala ghalani ikijisifu kwa uchache wa saa zake.

Baada ya kununua hufuata kuiandaa ndege kwa mahali itakaporukia, na hapa wengi hujikwaa. Kabureta za 503 na 582 hazijirekebishi zenyewe kwa kimo. Chukua mfano wa uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio kiasi cha mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyembamba, na injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ili iungue vizuri, fundi huifungia jeti ndogo zaidi, yaani vile vitundu vya kupitishia petroli. Ndege hiyo ikipelekwa Mombasa bila jeti kubadilishwa, itapata hewa nzito na petroli kidogo. Moto utakuwa mkali, pistoni itapanuka na kukwama, na injini itazimika wakati inapofanya kazi ngumu kuliko zote, yaani inapopaa. Hakuna kilichovunjika wala kilichoibiwa. Ni kwamba tu aliyeiandaa hakuuliza inakwenda wapi.

Jambo la uzito nalo lataka hesabu, si makisio. Kwa miaka mingi kikomo cha Ulaya kwa ndege nyepesi ya viti viwili kilikuwa kilo 450. Nchi kadhaa zimekipandisha hadi kilo 600 baada ya kanuni mpya ya mwaka 2018, lakini mabomba ya ndege ya zamani hayakupata nguvu mpya kwa kubadilika kwa sheria. Tuseme ndege ina kilo 260 ikiwa tupu. Zinabaki 190. Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja watachukua 160, na zilizosalia 30 ni petroli ya lita 41 hivi. Sasa wamiliki waliopita wameongeza rangi, redio, tangi kubwa na viti vizito, jumla kilo 15, na hakuna aliyeipima upya. Petroli halali imepungua kwa nusu, wala mwenye ndege hana habari. Kwa sababu hiyo, ndege iliyonunuliwa ipimwe upya, kila gurudumu juu ya mizani yake, na kitovu cha uzito kikokotolewe ikiwa na mtu mmoja na ikiwa na wawili. Hasa katika ndege ambayo viti vyake vimefuatana, mtu wa pili hausogezi uzito sawa na anavyousogeza katika ile ambayo watu huketi bega kwa bega.

Ndege iliyofunguliwa kwa ajili ya kusafirishwa yataka uangalifu wa ziada inapounganishwa. Umbali kutoka ncha ya kila bawa hadi mkiani ulinganishwe kwa futi kamba. Nati zenye mpira wa kujikaza ziwekwe mpya. Katika ndege inayoongozwa kwa usukani, mtu mmoja aketi na mwingine asimame nje: usukani ukilazwa kushoto, kibawa kilicho ukingoni mwa bawa la kushoto kiinuke na cha kulia kishuke. Waya zilizofungwa kinyume zimewaua marubani hodari, kwa kuwa usukani hucheza vizuri kabisa ndege ikiwa chini. Safari za kwanza aende rubani peke yake, karibu na uwanja. Uzito wa kiti cha pili uongezwe kwa mifuko ya mchanga iliyofungwa imara, kabla haujaongezwa kwa mtu.

Yuko atakayesema kwamba masharti haya yataifanya ndege ya mtu wa kawaida kuwa ya matajiri. Hoja hiyo ina uzito, kwani ndege hizi zilizaliwa ili kuruka kusiwe kwa wachache. Lakini mengi niliyoyataja ni kazi ya macho, vidole, mizani na subira. Gharama kubwa ni kumlipa mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji, na kubadilisha kitambaa au kranki iliyokwisha muda. Gharama hizo zipo tangu siku ndege inapotangazwa kuuzwa. Anayekataa kuzilipa hajazifuta, amezihamishia kwa abiria wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hauna wa kuujenga.

Napendekeza jambo moja zaidi. Marekani hutaka ndege zilizoundwa na watu binafsi zibandikwe onyo la kumjulisha abiria kwamba chombo hicho hakikufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida. Onyo hilo ni la kweli, lakini humweleza abiria aina ya ndege, wala halimwelezi hali yake. Mbele ya kiti cha pili iwekwe karatasi moja yenye mistari minne: tarehe ya kupimwa kitambaa na matokeo yake, saa na miaka ya injini tangu ukarabati mkubwa, uzito mtupu na tarehe ya kupimwa, na jina la aliyeikagua mara ya mwisho. Mamlaka za usafiri wa anga za nchi zetu zaweza kuliagiza jambo hili bila gharama ya kutajika, na mwenye ndege mwadilifu hana haja ya kungoja agizo.

Rubani huiona ndege yake kila siku. Huifungua, huisikiliza, huijua. Abiria huiona mara moja, amevaa kofia ngumu na kufungwa mkanda, na hana cha kukagua isipokuwa uso wa rubani. Mnunuzi atakayesimama mbele ya ndege kuukuu iliyong'arishwa, bei ikimvutia na saa zikiwa chache, na ajiulize swali hili kabla hajatoa fedha: je, naweza kuijaza karatasi ile kwa ukweli, kisha nikamwacha mwanangu aisome?